Mkopo wa Chuo Unaanzia Chini ya Godoro la Mama

(Hotuba niliyoitoa kwenye mahafali ya kidato cha sita wilayani Urambo, mkoa wa Tabora. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, viongozi wa kata na kijiji, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu mliokaa hapa mbele: wakubwa zangu wote, shikamooni. Na watu wa nyumbani, mwangaluka.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie umuhimu wa elimu. Naomba radhi kwa Mkuu wa Shule, hilo nitaliacha. Mzazi aliyeuza mbuzi wawili ili mwanawe apate godoro la bweni ameshaujua umuhimu wa elimu, tena ameulipia. Mimi ni mwalimu wa Hesabu. Nimekuja kuzungumza pesa.

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza mpaka cha nne. Tangu mwaka 2022 ada imeondolewa na kidato cha tano na cha sita. Hili ni jambo kubwa na sisi watoto wa wakulima tunalishukuru. Lakini lina upande wake. Wazazi wengi mliokaa hapa hamjawahi kuletewa bili ya ada ya mtoto huyu tangu aingie sekondari. Michango mmetoa, sare mmeshona, nauli mmelipa, ila ada yenyewe hamjaiona. Mtaiona mara ya kwanza mwezi wa kumi, kwenye barua ya chuo, na itakuja na rafiki zake: hosteli, bima, usajili, chakula, vitabu. Kwa hesabu za kijijini, ni bei ya ng'ombe kadhaa kila mwaka, kwa miaka mitatu au minne au mitano.

Kwa familia nyingi za hapa, daraja la kuvukia pale ni moja, nalo ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Na nilichokuja kusema leo ni hiki: watoto wengi wa kwetu hawaukosi mkopo kwa sababu Bodi imewanyima. Wanaukosa hapa hapa, nyumbani, kwenye karatasi, miaka mingi kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Najua kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Alifia nyumbani, usiku, na kesho yake saa kumi jioni alikuwa ameshazikwa. Matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika. Hakuna aliyewaza kwenda wilayani kuandikisha kifo. Ya nini? Kijiji kizima kilikuwa kimetupa mchanga kwenye kaburi lake. Nani angekuja kuuliza kama kweli amekufa?

Miaka saba baadaye, kompyuta iliuliza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimefaulu, nimekaa mbele ya kompyuta ya kulipia kwa saa pale Tabora mjini. Fomu ya mkopo ikauliza habari za baba. Nikaweka kwamba amefariki. Ikataka cheti cha kifo. Nikarudi nyumbani kumuuliza mama, mama akainua godoro.

Wazazi wangu, naomba nikae kidogo kwenye godoro hili. Chini yake kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani ya mfuko kulikuwa na kadi yangu ya kliniki, kona moja imeliwa na mchwa. Kadi ya ubatizo. Cheti changu cha kuzaliwa, ambacho nilikatiwa nikiwa mkubwa. Kadi ya mpiga kura ya marehemu baba. Stakabadhi za tumbaku za misimu mitatu. Cheti cha kifo hakikuwemo. Tukazitandaza zile karatasi kwenye mkeka, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona maisha yangu yote: jina la babu yangu, ambalo ndilo jina langu la tatu, lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu. Muuguzi wa kliniki aliliandika alivyolisikia. Katekista aliliandika alivyolisikia yeye. Mwalimu wa darasa la kwanza naye akaliandika kwa sikio lake, "r" mahali pa "l", na hilo la mwalimu ndilo lililosafiri nami mpaka kwenye cheti cha kidato cha nne. Masikio matatu, mtoto mmoja.

Mama akaanza safari za baiskeli. Kutoka kijijini kwetu mpaka makao ya wilaya ni asubuhi nzima, na wakati wa mchanga mwingi unashuka unasukuma. Ofisi aliyoelekezwa, ambayo siitaji kwa jina, ilimwambia njoo kesho. Alikwenda mara nne. Mara ya tano akaambiwa jina la marehemu kwenye barua ya kijiji halifanani na lililo kwenye cheti cha mtoto. Akarudi kutafuta barua nyingine. Mwenyekiti alikuwa msibani Kaliua. Siku zikaenda. Dirisha likafungwa, maombi yangu yamekwenda bila kile cheti, na kwenye mfumo nikahesabika kama mtoto mwenye wazazi wote wawili. Chuo nilipata. Mkopo sikupata. Cheti cha kifo cha baba kilitoka mwezi wa kumi na moja, wenzangu wakiwa wameshaanza mitihani ya majaribio.

Mwaka ule nikabaki nyumbani. Mama anapanga majani ya tumbaku kwa madaraja, mimi nafunga marobota. Sijutii kumsaidia mama. Lakini mwaka ule ulikuwa wangu, na ulichukuliwa na herufi moja na karatasi moja. Mwaka uliofuata niliomba tena, safari hii karatasi zikiwa zimekamilika, na nikapata. Hali ya nyumbani ilikuwa ile ile na matokeo yangu yale yale. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa chini ya godoro.

Kwa hiyo ninachowaomba wazazi si kigumu. Mkirudi leo, kabla ya kula pilau mliyoandaa, tandikeni mkeka. Wekeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karatasi yake ya matokeo ya kidato cha nne au cheti chenyewe, na kitambulisho cha taifa cha mzazi au mlezi. Mwambieni mtoto asome majina kwa sauti, herufi moja moja. Mzazi hata asiyejua kusoma anaweza kufanya kazi hii, kwa sababu masikio yake yatasikia mahali mtoto anapokwama. Ikikutwa tofauti, irekebishwe sasa. Tofauti ndogo ya majina hutengenezewa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Tofauti kubwa ina utaratibu mrefu zaidi wa kusajili mabadiliko ya jina, ndiyo maana nasema sasa na si mwezi wa saba.

Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo havipokelewi hivi hivi. Lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huo siku hizi unaombwa kwa mtandao, kwa ada ndogo. Majibu hayaji siku hiyo hiyo. Kila mwaka nakutana na kijana ambaye ameomba uhakiki wiki ya mwisho, yuko na watu wengi sana mbele yake kwenye foleni, na anaangalia simu kama mtu anayesubiri mvua.

Na kwenu mnaozika. Nisamehewe kulisema kwenye sherehe, ila sitapata mkusanyiko kama huu tena. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, kizazi ndani ya siku 90. Mtu akifia nyumbani, barua ya serikali ya kijiji ndiyo mwanzo wa cheti. Kikipita muda bado kinaandikishika, hata cha miaka mingi, lakini njia yake inakuwa ndefu kama niliyowasimulia. Wale wenye watoto wachanga, vyeti vya watoto wa chini ya miaka mitano vinatolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mtoto wa kliniki leo ndiye mwombaji wa mkopo wa miaka 18 ijayo. Mwangalie muuguzi anavyoandika. Mwambie, "Dada, jina hilo lina 'l'." Hatakasirika.

Kwa nini naisisitiza karatasi kiasi hiki? Kwa sababu mkopo hautolewi kwa kila aliyefaulu. Hela haitoshi wote, kwa hiyo Bodi inapima uhitaji, na inaupima kwa ushahidi. Yatima anatambuliwa kwa cheti cha kifo. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, anatambuliwa kwa fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, ule wa kusaidia kaya maskini, inatambuliwa kwa namba yake ya kaya. Aliyesomeshwa na mfadhili anatambuliwa kwa barua ya mfadhili. Umaskini ambao kijiji kizima kinauona kwa macho, huko hauonekani mpaka uwe na muhuri. Mimi naliona hili ni gumu kwa watu wa vijijini, na nimeshalisema kila nilipopata nafasi ya kusema na wakubwa. Lakini wakati tunalisema, watoto wasikose chuo.

Wahitimu, sasa na ninyi. Kuna maombi mawili, na kila mwaka kuna anayedhani ni moja. Kuomba chuo ni kitu kingine, kuomba mkopo ni kitu kingine. Maombi ya mkopo yanafanyika kwenye mfumo wa Bodi wenyewe, kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na ada yake ni shilingi 30,000 unayolipa kwa namba ya malipo unayopewa na mfumo. Aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja. Atumie namba ile ile kwenye chuo na kwenye mkopo, la sivyo mifumo haitamtambua kuwa ni mtu mmoja. Ukimaliza kujaza, unachapa fomu, unasaini wewe, anasaini mdhamini wako, anasaini kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa na kugonga muhuri, kisha kamishna wa viapo. Halafu kurasa zenye sahihi zinarudishwa kwenye mfumo. Ukiruka muhuri mmoja, fomu haijakamilika, hata kama umefaulu kwa daraja la kwanza.

Msimpe kishoka, yule dalali asiye rasmi, nywila yenu. Nimeona kijana amejaziwa na mtu wa dukani, akaandikiwa kwamba baba yake ni mfanyabiashara kwa sababu anauza mchicha. Kaeni wenyewe kwenye kompyuta, mjaze wenyewe, hata kama itawachukua siku mbili.

Wazazi, najua neno mkopo hapa Urambo lina historia yake. Nimekulia kwenye tumbaku. Unapewa mbolea na mbegu na dawa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, unalima, unakausha kwenye bani, unauza, na siku ya malipo deni linakatwa kwanza ndipo uone kilichobaki. Na wengine hapa mmewahi kulia, si kwa sababu hamkulima, ila kwa sababu mwenzenu alitorosha tumbaku yake akaiuzia pembeni, deni lake likagawanywa kwa kikundi. Mtu aliyepitia hilo, ukimwambia mtoto wake akope mamilioni, ana haki ya kushtuka. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi sitaweka sahihi ya kuja kunyang'anywa shamba."

Basi nieleze tofauti ilipo. Kwenye mkopo wa Bodi hakuna hati ya shamba inayowekwa rehani, wala ng'ombe, wala nyumba. Mtoto wa jirani asipolipa, deni lake haliji kwa mtoto wako. Mdhamini anaweka sahihi, na sahihi hiyo ni kitu cha heshima, kwa hiyo asomewe fomu yote kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mkopo wenyewe unadaiwa kwanza kwa yule aliyesoma, kutoka kwenye kipato chake, baada ya kumaliza.

Na unadaiwa hivi. Akimaliza chuo ana miezi 24 ya kutafuta pa kushika. Akiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Zamani ilikuwa asilimia 8. Ilipanda sheria iliporekebishwa mwaka 2016, na nakumbuka jinsi walimu tulivyoipokea ile slipu ya kwanza. Aliyejiajiri analipa asilimia 10 ya kipato chake, na si chini ya laki moja kwa mwezi.

Nipigie hesabu hapa ubaoni, wahitimu muikague. Tuseme kijana amemaliza na deni la milioni 9. Mshahara wake wa msingi ni laki 8. Asilimia 15 ya laki 8 ni 120,000. Milioni 9 ukigawa kwa 120,000 unapata miezi 75, yaani miaka sita na miezi mitatu. Ni mzigo, siufichi. Lakini ni mzigo wenye mwisho unaoonekana.

Haukuwa hivyo zamani. Mpaka mwaka 2021 kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka, ya kulinda thamani ya fedha. Kwenye deni lile lile la milioni 9, mwaka wa kwanza tozo peke yake ni 540,000, wakati makato yako ya mwaka mzima ni 1,440,000. Zaidi ya theluthi moja ya jasho lako inaishia kwenye tozo. Na aliyekuwa hajapata kazi, deni lilikuwa linanenepa yeye akiwa amekaa. Nina rafiki tuliyesoma naye ambaye aliogopa hata kuangalia salio lake. Mei Mosi ya mwaka 2021, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ile, na mwaka huo huo adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa ikaondolewa pia. Kwa hiyo anayewatisha watoto kwamba mkopo wa Bodi haumaliziki, anawasimulia habari za jana. Kinachokausha damu siku hizi ni ile mikopo ya kwenye simu na ya mitaani, na ndugu zangu, nimeona familia ikikimbilia huko kulipa ada ya muhula wa kwanza kwa sababu tu fomu ya Bodi haikukamilika.

Mimi bado nakatwa. Imebaki miezi kumi na mmoja. Kila mwisho wa mwezi nikiangalia mstari ule kwenye slipu, najua pesa ile inarudi kwenye fungu la kukopesha, na kwamba mmoja wenu hapa mbele anaweza kusoma kwayo. Kwa hilo nawaomba mno wale mtakaopata: mkija kuajiriwa, msijifiche. Anayejificha ndiye yule aliyetorosha tumbaku. Jina lake halitangazwi kijijini, lakini kuna mtoto wa mtu anayekaa nyumbani kwa sababu yake.

Mkopo huu wala si wa tangu zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza, Oktoba 1961, kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Nchi changa iliweza kubeba wachache. Na kabla ya hapo, Mwalimu Nyerere alifika Tabora mwaka 1937 akitokea Butiama, akasoma hapa, akaenda Makerere, akarudi Tabora kufundisha, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa ufadhili. Mtoto wa kijijini asingefika kule kwa mfuko wa wazee wake. Kuna fungu lililomchukua. Miaka ya tisini serikali ikaanza uchangiaji wa gharama, mikopo ikaanza mwaka 1994, Sheria ya Bodi ikapitishwa mwaka 2004, na Bodi yenyewe ikaanza kazi Julai 2005. Katika muda wote huo, idadi ya wanaotaka kusoma imekua kuliko kisima cha pesa.

Ufadhili usiorudishwa bado upo, ila mlango wake ni mwembamba. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo Ufadhili wa Samia, kwa waliofanya vizuri sana kwenye mitihani ya sayansi ya kidato cha sita na wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, tiba na fani za jamii hiyo. Ninyi wa PCM na PCB, wa Fizikia na Kemia pamoja na Hesabu au Baiolojia, mitihani yenu ni mwezi ujao. Mnajua mnachotakiwa kufanya. Yapo pia mashirika na taasisi za dini zinazosomesha, na huko nako watawauliza karatasi zile zile zilizo chini ya godoro.

Na asiyepata alama za chuo kikuu asidhani hotuba hii haimhusu. Tangu mwaka 2023/2024 Bodi inakopesha pia stashahada kwenye fani za kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu, kilimo na mifugo. Hapa mkoani kwetu tuna Chuo cha Ualimu, Chuo cha Utumishi wa Umma, tuna Chuo cha Nyuki ambacho watu wanatoka mikoa ya mbali kukifuata wakati sisi tuliozaliwa na mizinga tunakipita barabarani. Kwa shahada tuna AMUCTA, chuo kikuu kishiriki kilichopo Tabora mjini. Mtoto anayelala kwao Cheyo au Kanyenye, pale Tabora mjini, na kwenda darasani kwa miguu ana gharama ndogo kuliko aliyepanga chumba Dar es Salaam. Sikatazi mtu kwenda mbali. Nasema hesabu ifanywe kwanza, ndipo moyo ufuate.

Mkopo ukija, huja kwa viwango. Mmoja anapewa ada yote, mwingine sehemu tu, kilichobaki ni cha familia. Msisubiri majina yatoke ndipo muanze kukaa kikao cha ukoo. Hela ya kujikimu, ile vijana mnaiita bumu, imepanda miaka ya karibuni kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Inakuja kwa mkupuo. Ukipewa ya siku 60 ni laki 6, na kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili maishani, siku hiyo simu yake inatoa mlio na anaona laki 6. Nimewaona. Wiki ya kwanza viatu na simu mpya, ya pili anabeti, ya tano anakula mhogo wa kuchemsha mara moja kwa siku na kusinzia darasani. Siku 60 hazipungui kwa sababu umefurahi. Igawe siku ile ile inapoingia. Lipa chumba kwanza, nunua mchele wa gunia dogo kwa kushirikiana na wenzako, kilichobaki kigawe kwa wiki.

Na bumu halikusubiri getini. Mpaka usajiliwe, mpaka chuo kitume orodha, mpaka usaini, wiki kadhaa zinapita. Wazazi, mtoto aondoke na hela ya kula ya angalau mwezi mmoja, hata kama jina lake limetoka na asilimia zote. Msimu wa masoko ya tumbaku ndio huu unaanza. Kabla ya bati na pikipiki, toeni fungu hilo mkaliweke mahali.

Wasichana, neno moja. Wengi wenu mtaambiwa kaka aende kwanza kwa sababu hela ni ya mmoja. Mkopo wa Bodi hauombwi na familia, unaombwa na mtu. Kaka ana fomu yake, nawe una yako. Jaza yako.

Wale ambao majina hayatatoka awamu ya kwanza, msifunge mabegi. Kuna awamu nyingine, kisha kuna dirisha la rufaa, na hata aliyeanza mwaka wa kwanza kwa kujilipia anaweza kuomba akiwa mwaka wa pili.

Mkuu wa Shule, naona unaangalia saa, nami namaliza. Sikuja mikono mitupu. Pale chini ya mwembe, upande wa darasa la kidato cha tatu, nimeweka meza, laptopu yangu na mashine ya kuchapa. Mwenyekiti wa kijiji amekubali kukaa nasi na muhuri wake mpaka saa kumi, kwa wale wanaohitaji barua ya kuanzia kuandikisha kizazi au kifo. Mlioitikia ujumbe wa shule mkaja na vyeti, tutavipitia kimoja kimoja, herufi kwa herufi. Ambao hamkuja navyo na mnakaa karibu, chukueni bodaboda, tunawasubiri.

Na yule mama wa kitenge cha kijani, pale nyuma, uliyenisimamisha asubuhi getini ukaniuliza kama mtoto aliyelelewa na bibi yake tangu mdogo anaweza kuomba. Anaweza. Bibi ndiye mlezi, na kama ana kitambulisho cha taifa anaweza kuwa mdhamini. Nimemwona bibi mwenyewe amekaa pembeni yako na mfuko mapajani. Mshike mkono, mama, mje tuanze na ninyi.